Beri za Mwituni na Panga Langu



Mama mmoja wa milimani amenieleza jambo lililompata, akaniomba nilijibu hapa, maana anadhani akina mama wengine wamelipata pia.

Jioni moja mwanawe wa miaka saba alirudi kutoka kuchunga mbuzi. Midomo yake ilikuwa myeusi, mikono imekwaruzwa na miiba, na kifuani pa shati pana madoa ya zambarau. Mama akapiga kelele, akidhani mtoto amekula sumu. Akamwita bibi yake, yaani mama mkwe. Bibi akaja na mkongojo wake, akamtazama mtoto, akavinusa vidole vyake, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu amekula yale matunda ya mtoni," akasema. "Baba yake naye alikuwa akirudi na shati la namna hii hii, nami nililifua miaka yote hiyo."

Sasa mama anauliza maswali matatu. Matunda hayo ni matunda gani hasa? Je, ni kweli hayana madhara? Tena, baba watoto amekasirika na anataka kukifyeka kichaka chote. Je, afyeke au aache?

Ni maswali mazuri. Hilo la tatu linanigusa mimi mwenyewe, na mbele kidogo mtaona sababu yake.

JINA LAKE

Hizo ni beri nyeusi za mwituni. Kiswahili chetu kilizaliwa pwani, na beri hizi hazipendi joto la pwani. Wengine huziita forsadi, lakini forsadi ni tunda la mti mwingine kabisa, mti usio na miiba, ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri. Huko milimani watu wana majina yao wenyewe. Waganda husema nkenene, Wanyarwanda husema inkeri, na Waamhara wa Ethiopia husema injori. Muulize bibi yako jina la kwenu, kisha uliandike kabla halijasahaulika.

Wataalamu wa mimea wameupa ukoo mzima wa beri hizi jina la Rubus. Mojawapo ya namna zilizoenea sana katika Afrika yetu huitwa Rubus apetalus. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa mmoja, Poiret, mwaka 1804. Maana yake ni beri isiyo na petali, yaani yale majani ya rangi yanayolizunguka ua. Kichaka kikichanua, tazama kwa karibu: mara nyingi petali hazipo, au ni ndogo sana hata huzioni upesi. Ni ua lisilojivuna, lakini nyuki wanalijua.

Beri ni ndugu wa waridi, tufaha na pichi. Udugu wake na waridi utauona katika miiba. Mwiba wa mndimu hutoka ndani ya mti wenyewe, kama tawi dogo lililochongoka. Mwiba wa beri umeota juu ya ngozi ya shina tu. Usukume kwa kidole gumba kutoka ubavuni, nao utang'oka wote. Tena mingi imepinda kama ndoana, na kwa ndoana hizo shina hujishikiza kwenye mimea mingine na kupanda juu kutafuta jua. Mtoto aliyenaswa shati anajua kwamba kuvuta kwa nguvu hakusaidii. Sharti arudi nyuma kidogo, ndipo miiba imwachie.

Na tunda lenyewe si tunda moja. Litazame vizuri: ni vitunda vidogo vingi vilivyoshikana kama kichala, na kila kimoja kina kokwa yake ndogo ndani. Hizo ndizo chembe zinazokwama katika meno. Kwanza ni la kijani na gumu, halafu huwa jekundu na chachu, mwisho ni jeusi na tamu. Likiiva kweli huachia lenyewe likiguswa.

MAHALI PAKE

Ukitaka kuitafuta beri, panda juu. Inakaa vizuri katika nchi ya baridi na mvua ya kutosha, hasa kati ya mita 1,500 na 2,500 juu ya usawa wa bahari. Namna hiyo ya Rubus apetalus inapatikana toka Ethiopia, kupitia Uganda, Kenya na Tanzania, hadi Malawi na Zimbabwe, na upande wa magharibi hata Kamerun. Imevuka bahari pia: ipo Madagaska, na ipo katika kisiwa cha Réunion. Katika Tanzania beri za mwituni utazikuta Kilimanjaro, Meru, Usambara, Uluguru, na kwenye nyanda za juu za kusini.

Lakini usiingie katikati ya msitu mnene ukidhani utajaza kikapu. Humo ni giza, na beri inataka jua. Itafute ukingoni mwa msitu, kando ya kijito, kando ya njia, mahali mti mkubwa ulipoanguka, mahali udongo ulipoporomoka, au katika shamba lililoachwa. Kwa maneno mengine, beri huota mahali ardhi ilipojeruhiwa.

Imefikaje hapo? Ndege ndio waliopanda. Kuzumburu, shore, na ndege wengine walao matunda hula beri, huruka, kisha huangusha kokwa pamoja na mavi. Kima nao hufanya kazi hiyo hiyo. Mbegu za beri zina ngozi ngumu. Zaweza kulala udongoni miaka mingi zikingoja. Siku mti ukianguka na jua likagusa ardhi, zinaamka. Ndiyo maana mtu anafyeka msitu, na baada ya mvua mbili anashangaa: miiba hii imetoka wapi? Huenda ilikuwapo chini ya miguu yake siku zote.

Ukipanda juu zaidi, katika mianzi na karibu na nchi ya manyasi ya baridi, utakuta ndugu zake wengine. Wataalamu wamewapa baadhi yao majina ya milima na ya wasafiri. Rubus keniensis ni ya Mlima Kenya. Rubus runssorotum imepewa jina la Runssoro, namna ya zamani ya kuuandika mlima Ruwenzori. Rubus kirungensis ni ya milima ya moto ya Kirunga, mpakani mwa Rwanda, Kongo na Uganda. Rubus volkensii inamkumbuka Mjerumani Volkens, aliyeishi Kilimanjaro na kuchunguza mimea yake katika miaka ya 1890.

Huko Kirunga beri si chakula cha watoto tu. Gorila wa milimani hula majani yake, machipukizi yake na matunda yake. Ni mojawapo ya vyakula vyao vya kila siku. Mnyama mwenye nguvu kama hizo anakaa chini na kuchagua majani ya miiba kwa vidole vyake, polepole, kama mama anayechambua mchicha. Basi mtoto wako amekula mezani pa wakubwa.

USIICHANGANYE

Sasa swali la pili. Beri zilizoiva za ukoo huu watu wamezila vizazi na vizazi. Ni chakula kizuri. Beri nyeusi za shambani, ambazo zimepimwa, zina vitamini C yapata miligramu 21 katika kila gramu 100, na nyuzinyuzi yapata gramu 5. Mtoto anayezila msimuni hapotezi kitu, isipokuwa shati.

Hata hivyo mama alifanya vema kuogopa, maana upo mmea mwingine unaoota pale pale ukingoni, nao una vitunda vyeusi vilivyokusanyika. Wataalamu wanauita Lantana. Ulitoka Amerika, ukaletwa kwa ajili ya ua na mapambo, ukatoroka. Ni ule wenye vishada vya maua ya rangi mbili tatu kwa pamoja: manjano, machungwa, nyekundu au waridi. Matunda yake mabichi yana sumu, na majani yake huwadhuru ng'ombe na kondoo, yakiharibu maini yao. Wafundisheni watoto kutofautisha hivi:

Kwanza, jani. Jani la beri limegawanyika: katika kikonyo kimoja kuna vijani vitatu, vitano au zaidi, na kingo zake zina meno. Jani la Lantana ni moja moja, nayo yamekaa mawili mawili yakitazamana.

Pili, harufu. Ukisugua jani la Lantana, harufu yake ni kali na hukaa mkononi. Jani la beri halinuki hivyo.

Tatu, shina. Shina changa la Lantana lina pembe nne. Shina la beri ni refu, limepinda kama upinde, na miiba yake ni ndoana.

Nne, tunda. Vitunda vya beri vimeshikana, na ukichuma linatoka tunda zima kama kofia. Vitunda vya Lantana ni kama shanga zinazong'aa, na kila kimoja hutoka peke yake.

Mtoto akila matunda usiyoyajua, kisha akatapika, akalegea au akapumua kwa shida, usingoje kesho wala usimtafutie dawa ya kienyeji. Mpeleke hospitali upesi, na uchukue tawi la mmea huo pamoja na matunda yake, ili mganga aone.

Jambo moja zaidi. Beri iliyo karibu na shamba lililopigwa dawa ya wadudu, usiichume. Dawa haijui mpaka wa shamba.

PANGA LANGU

Sasa niwaeleze kisa changu.

Shamba la marehemu baba yangu linashuka mpaka kijitoni. Kwenye ukingo aliacha ukanda wa vichaka, upana wa hatua kumi hivi, umejaa beri na miti michache. Nilipolirithi shamba niliuona ukanda ule kama aibu. Nilidhani wapita njia wanasema: tazama mwenye shamba hili, hana hata nguvu ya kushika panga. Basi mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, nilifyeka. Sikufyeka tu, niling'oa na mizizi, nikachoma moto, nikalima hadi ukingoni kabisa, nikapanda viazi. Shamba likawa safi kama uwanja. Nilijisifu.

Masika yalipokuja, mvua ilinyesha siku nne. Asubuhi ya siku ya tano nilishuka kutazama viazi. Havikuwapo. Ukingo ulikuwa umekatika kama mkate, ukaenda na viazi, na pamoja navyo mibuni kumi na mmoja aliyoipanda baba kwa mkono wake. Maji ya kijito yalikuwa mekundu, na huko chini wanawake walikuwa wakiyateka hayo hayo kwa kupikia.

Mzee mmoja jirani alikuja akasimama kando yangu. Hakunilaumu. Alitazama maji muda mrefu, kisha akasema, "Baba yako hakuwa mvivu." Akaenda zake.

Maneno hayo manne yamenifundisha kuliko vitabu. Mashina ya beri huinamia ardhi na kuipunguzia mvua nguvu. Mizizi yake hushika udongo wa juu. Chini ya miiba mbuzi hafiki, na kwa hiyo miche midogo ya miti hupata maficho mpaka ikue. Ardhi ikijeruhiwa, kichaka hiki ni kama kigaga juu ya kidonda. Kigaga si kizuri kutazama, lakini anayekibandua kabla ya wakati atatoka damu tena.

Nimejaribu kurekebisha. Nilipanda mabingobingo ukingoni na miti ya kienyeji, nikaacha jembe mbali na maji. Beri sikupanda mimi. Ndege walizirudisha wenyewe, msimu kwa msimu. Mibuni ya baba haikurudi.

Kumbukeni pia kwamba ukingo wa mto si mali ya jembe. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu, au zenye kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Watu wengi huiona sheria hiyo kuwa ya kuwasumbua. Mimi nimelipa ada yangu, nami naiona kuwa ya busara.

BERI ZA KIGENI

Lakini nisiwadanganye kwamba kila kichaka cha beri ni rafiki. Beri ina nguvu nyingi, na nguvu hiyo mahali pasipo pake ni balaa.

Katika visiwa vya Galápagos, upande wa pili wa dunia, watu walileta beri ya Asia iitwayo Rubus niveus mwishoni mwa miaka ya 1960, wapate matunda. Leo imefunika mashamba na misitu kwa vichaka vinavyompita mtu urefu, na miti ambayo haipatikani popote pengine duniani inashindwa kuota chini yake. Katika Réunion, kisiwa kile chenye beri yake ya asili, beri nyingine ya Asia iitwayo Rubus alceifolius iliingia katika karne ya 19 na kuvamia mabonde. Mwishowe, mwaka 2008, waliachilia mdudu kutoka Sumatra ambaye mabuu wake hula majani ya beri hiyo. Mdudu akafanya kazi kwelikweli, lakini wafuga nyuki wakanung'unika. Mwaona jinsi ilivyo kazi kumtoa mgeni aliyekwisha keti.

Hiyo Rubus niveus imekwisha ingia Afrika ya Mashariki pia. Mashina yake yana unga mweupe, chini ya jani ni nyeupe kama sufi, na maua yake ni ya waridi. Lakini usikate shauri kwa alama moja, kwa sababu baadhi ya beri zetu nazo zina weupe chini ya jani. Ukiona kichaka kipya kinachoenea upesi kuliko vile ulivyozoea, kata tawi lenye ua, umpelekee bwana shamba au bwana misitu. Na mtu akikuletea mche wa beri kutoka mbali, muulize umetoka wapi kabla hujauzika udongoni.

JIBU LANGU

Basi, mama, mwambie baba watoto hivi. Beri zilizoingia katikati ya shamba au malisho, azitoe. Hapo si mahali pake. Zilizo njiani zinakokwaruza watoto, azipunguze. Lakini zilizo ukingoni mwa maji, kwenye mteremko mkali, au mahali palipoporomoka, aziache zifanye kazi. Akitaka shamba lionekane safi, na apande miti kati ya beri hizo. Miti ikikua na kutia kivuli, beri zitapungua zenyewe bila panga.

Na mtoto asipigwe. Mpe kikombe akuletee zilizobaki. Pima kilo moja ya beri zilizoiva, uzioshe, uziponde kidogo katika sufuria, na utie maji ya ndimu moja. Chemsha mpaka zilainike, kisha tia sukari robo tatu ya kilo na uendelee kukoroga juu ya moto wa wastani yapata dakika ishirini. Dondosha tone kwenye sahani baridi. Likiganda badala ya kutiririka, jamu iko tayari. Imimine ingali moto katika chupa zilizochemshwa, ufunike vizuri. Mkate wa Jumapili utapata mwenzake, na bibi atapata cha kulainisha kiporo chake cha viazi.

Shati ulifue mara moja kwa maji baridi, kabla ya doa kukauka.

Kwaherini mpaka juma lijalo.